Ongeza Mpaka Uyasikie

Tarehe 4 Machi

Mke mwenzangu,

Hujambo huko? Mimi sijambo, goti tu linanisumbua, nalo nimelizoea kama nilivyomzoea babu yako: linalalamika, silisikilizi. Viatu ulivyonitumia vimefika. Nilivivaa kwenda dukani ili watu waone. Jirani kauliza vimetoka wapi, nikamwambia, mjukuu wangu ndiye anayegundisha soli, kiwanda kizima kinamtegemea. Akashika njia yake. Dawa yake.

Sasa hilo la vidole kuchonyota na miguu kufa ganzi. Mtu anayekalia stuli kutwa atakosaje ganzi? Chukua beseni, maji ya moto na chumvi, ukande. Usianze kudeka. Baba yako aliacha kila kazi aliyopewa, mpaka leo anazunguka kama kuku asiye na banda. Wewe nimekulea mimi, si yeye.

Bibi yako

Tarehe 19 Machi

Shikamoo Bibi,

Natumaini goti limetulia. Mimi nisikufiche, si mzima. Chumba cha gundi madirisha yake hayafunguliwi, wanasema vumbi litaharibu ngozi ya viatu. Tunachovya brashi, tunapaka soli, kopo liko hapa chini ya pua. Harufu yake tamu. Asubuhi kichwa kinagonga, mchana tunacheka ovyo kama walevi, jioni tunatapika. Glavu tulipewa siku alipokuja mkaguzi. Alipoondoka zikakusanywa.

Juzi nimefika chumbani, mwenzangu ninayeishi naye akaniuliza, "We, ndala yako nyingine iko wapi?" Sikujua imechomokea wapi. Nimetembea peku barabara nzima, mguu haukuniambia kitu. Na si mimi peke yangu. Maji ya moto nimekanda, nayaona vuguvugu tu.

Niruhusu nirudi nyumbani, Bibi.

Mjukuu wako

Tarehe 30 Machi

Mke mwenzangu,

Mimi mzima. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa hasira. Urudi ufanye nini? Watu hapa nimeshawaambia mwakani unafanywa msimamizi. Leo uwatokee na ndala moja? Watacheka mpaka meno yawadondoke, na wenye mapengo wataazima.

Kazi haijaua mtu, uvivu ndio unaoua. Harufu! Mimi nimepuliza kuni maisha yangu yote, moshi machoni, nani aliniona naandika barua? Na hayo maji unayapoza, nakujua, tangu mdogo ulikuwa ukikimbia kuoga. Weka ya moto kweli. Miguu ikishaingia, ongeza. Ongeza mpaka uyasikie. Ukiyasikia ujue damu imeanza kutembea.

Usiniaibishe.

Bibi yako

Tarehe 14 Aprili

Shikamoo Bibi,

Usishangae mwandiko, kalamu nimeifunga kwenye vidole kwa kitambaa. Simu iliniponyoka mkononi ikapasuka, ndiyo maana hunipati.

Nilifanya ulivyosema. Niliongeza, nikasubiri niyasikie. Nikaongeza tena. Mwenzangu akaingia akapiga yowe, ndipo nikatazama chini. Ngozi ilikuwa imeshaachana na mguu. Sikusikia kitu, Bibi. Hata sasa hapaumi.

Hospitali alikonipeleka, daktari hakuuliza habari za maji, aliuliza nafanya kazi gani. Akasema gundi ndiyo inayokula mishipa ya fahamu, inaingia kwa pua na kwa ngozi. Nikiacha sasa, miguu huenda ikarudi polepole, ila hakuniapia. Nikiendelea, nitakaa kitako maisha yangu yote.

Nikamwambia, lazima nimuulize Bibi kwanza. Msimamizi anataka nirudi tarehe ishirini na mbili, la sivyo nafasi anampa mwingine. Nisipopata jibu lako, nitakwenda. Sitakuaibisha.

Mjukuu wako

Tarehe 21 Aprili

Wewe mtoto,

Salamu baadaye. Barua yako imefika leo. USIENDE. Daktari anasema, halafu unakuja kuniuliza mimi niliyeishia darasa la pili? Una akili wewe? Nilikufundisha kutii, sikukufundisha upumbavu. Miguu hiyo niliipaka mafuta mimi kila ulipotoka kuoga, hata kidole kilichopinda nakijua. Hao wameipata wapi haki ya kuila?

Nilitaka kumpa dereva wa basi barua hii aifikishe. Nilipomtazama usoni nikaona hapana, nikapanda mwenyewe. Naandika hapa kitini, basi linaruka. Usiende, nakuja.

Bibi yako

Tarehe 22 Aprili, getini

Mke mwenzangu,

Basi liliharibika njiani. Chumbani kwako nimekukosa, mwenzako kasema umetoka alfajiri, unajishika ukutani. Mlinzi amenizuia. Nimemwambia maneno ambayo mama yake hajawahi kumwambia, ndipo akakubali kukupelekea karatasi hizi mbili.

Zamu ya usiku imetoka mbele yangu. Wasichana wananyanyua magoti juu juu kama kuku kwenye matope, wenyewe wanaona ndio mwendo. Nimelia. Kwa hasira, usifurahi.

Toka. Mimi niliyekukatalia kurudi ndiye ninayesema, toka. Jirani na acheke. Nitamwekea kiti acheke vizuri.

Bibi yako

Nyuma ya karatasi hiyohiyo

Shikamoo Bibi,

Nimeweka brashi chini. Msimamizi anafoka, simjibu. Niko ghorofa ya pili na ngazi siziamini kwa miguu hii, nashuka kwa makalio. Nitachelewa. Usiondoke.

Mjukuu wako