Msumeno Ulionichagulia Mjini Bukoba

Baba Koku wangu,

Kasinge waitu. Nakusalimu kama nilivyokuwa nikikusalimu mlangoni, ingawa sasa umelala kule nyuma ya migomba na salamu hii hutaiitikia. Ukishangaa mkeo ameanza lini kuandika, ujue darasa la kisomo limefika hadi kijijini kwetu, na mwalimu ametuambia kila mmoja amwandikie mtu wake aliye mbali. Wenzangu wamewaandikia watoto walioko Dar es Salaam. Mimi nimesema wa kwangu yuko mbali kuliko wao. Na kwa kuwa kalamu nimefundishwa kuishika kwa Kiswahili, utanivumilia, maana Kihaya changu ni cha mdomoni tu.

Nina habari. Leo ndugu zako wamekaa hapa uani kuamua kama mimi na binti zako tutabaki kwenye kibanja hiki, au tutaondoka kaka yako Ta Kristofa aichukue migomba na kahawa yote, kwa sababu hukuacha mtoto wa kiume. Nitakuambia walichoamua. Ila usiwe na haraka, nakujua wewe. Tangu asubuhi nimekuwa nikiikumbuka siku tuliyokwenda Bukoba kuchagua msumeno, na nisipoanzia hapo hutaelewa yaliyotokea leo.

Siku zile ulikuwa umejiandikisha kwenda na wenzako kufungua kijiji kipya cha ujamaa kule nyikani, upande wa Biharamulo. Vibanja vya huku vilikuwa vimebana, kila mtu anapanda mgomba kwenye ukuta wa jirani, na serikali ilikuwa inasema ardhi ipo, twendeni tukaifungue. Mngepiga kambi, mlale kwenye vibanda vya nyasi mpaka nyumba zisimame. Ulitaka msumeno wa kukata nguzo na kuni, wenye kukunjika, uingie kwenye mfuko usichane nguo zako. Na huku nyumbani bwana shamba alikuwa akituimbia wimbo wake kila akipita: mibuni imezeeka, ikateni, ipogoeni, mnavuna majani badala ya kahawa. Kwa hiyo msumeno ulitakiwa huko na ulitakiwa huku, na sisi tulikuwa na uwezo wa kununua mmoja.

Unalikumbuka lile duka la Mzee Salum karibu na soko? Baba yake mtu wa Pwani, mama yake wa pale pale Bukoba, na Kiswahili chake kilitufanya sisi watu wa Muleba tujione kama tunaongea huku tuna ndizi mdomoni. Alikutolea misumeno miwili ya kukunja, akaiweka mezani. Mmoja ulikuwa mrefu, umenyooka, una meno madogo madogo na mpini wa chuma. Wa pili ulikuwa mfupi, umepinda kidogo, meno makubwa yameelekea nyuma kwenye mpini wa mti. Ukaanza. Ukaufungua, ukaufunga. Ukapitisha kidole kwenye meno. Ukaupeleka mlangoni kwenye mwanga kutazama kama bati lake limenyooka. Watu wakaingia wakanunua chumvi wakatoka, wewe bado unafunga na kufungua. Mzee Salum akachoka.

"Bwana mkubwa," akakuambia, "mchagua jembe si mkulima."

"Jembe sawa," ukamjibu, "lakini jembe halikugeukii likakuuma."

Nilicheka hadi nikaziba mdomo kwa kanga. Lakini ulikuwa na maana yako. Ulishika ule mrefu, ukaukandamiza mgongo wake kwenye kona ya meza, na ile nati yenye masikio ikalegea, bati likaanza kujikunja kuelekea vidoleni mwako. Ukautazama, Mzee Salum naye akautazama. Ule mfupi ulikuwa na kichuma cha kubana. Ukiufungua kinalia ka! na hata ukiusukuma vipi haurudi. Ukasema msumeno unaojikunja ukiwa kazini ni adui ndani ya nyumba. Kisha ukaomba mti wa kujaribia. Mzee Salum akatoa ubao wa sanduku la chai, na mwanawe akakata kitawi kibichi cha mkaratusi nyuma ya duka. Ule mrefu ukapita kwenye ubao mkavu vizuri sana, mimi mwenyewe nilisifu. Kwenye kitawi kibichi ukala kidogo, unga mbichi ukajaa kwenye meno, ukagoma. Ule mfupi ulikwaruza ubao kama mbuzi anayetafuna ganda, lakini kitawi kibichi ulikivuta mara chache tu kikaanguka.

Mzee Salum akasema wewe chukua mrefu, nati utaikaza kwa koleo, huo ndio wa kambi, mwanamume wa nyikani ananunua huo. Na mimi nilijua utauchukua. Kumbe! Ukanigeukia mbele ya wanaume waliojaa pale dukani, ukasema, "Mama Koku, hebu jaribu wewe."

Mawe, mama yangu! Nilitamani nijifiche chini ya meza. Unajua kwetu. Mwanamke ataokota kahawa, ataianika, ataipepeta, atalala nayo akitaka. Lakini kukata tawi la mbuni ni kazi ya mwenye kibanja. Mwanamke akionekana na kisu ndani ya mibuni watu watauliza mumewe amekufa lini. Nikakuambia kwa Kihaya uache kunifanya kichekesho mbele za watu. Hukucheka. Ukaniwekea ule mfupi mkononi, ukavikunja vidole vyangu juu ya mpini kimoja kimoja, ukatazama kama vinafika. Vilifika. Nikavuta, kitawi kikakatika, na mtu mmoja aliyekuja kununua misumari akasema, "Huyu bwana anamfundisha mkewe useremala." Wakacheka wote. Wewe ukamwambia Mzee Salum, "Funga huu."

Njiani kurudi nilikugombeza ndani ya basi. Nilikuambia utajenga nyumba ya ujamaa kwa kijisumeno cha kupogolea? Wenzako watakucheka. Ukanisikiliza, ukatazama dirishani, kisha ukaniambia maneno ambayo mpaka leo nayasikia kwa sauti yako: "Huko kambini kuna wenzangu wenye misumeno. Wewe huku huna mwenzako."

Niliacha kugombeza. Sikuacha kwa kuridhika, Baba Koku. Niliacha kwa hofu. Nilisema moyoni, mwanamume anayemnunulia mkewe msumeno anajua jambo asilolisema.

Kabla ya kuondoka ulinipeleka kwenye mibuni ya babu yako, mchana kweupe, jirani wote wanaona. Ulinionyesha shina la kubaki na shina la kutoka. Ulisema nianze kukata kidogo kwa chini, ndipo nije juu, tawi lisije likaanguka na kuchuna gome la mama yake. Ulisema shina kuukuu nilikate mshazari, maji ya mvua yateremke yasilale kwenye kidonda. Na nisikate yote mwaka mmoja, kwa sababu watoto watakula nini. Ulikuwa mkali! Nilipokosea ulisema "Aaa-aa" kama unamfukuza kuku. Ndipo Ta Kristofa akapita, akasimama, akashika kichwa. Akauliza nani amekufa. Ukamwambia, "Hajafa mtu. Mimi nakwenda nyikani, na huyu ndiye mimi nikiwa sipo."

Akatema mate akaenda. Sikumlaumu sana, na leo pia simlaumu. Ana vijana wengi na kibanja chake ni kama mkeka. Anayemtazama si mimi, anatazama wanawe watalala wapi.

Ukarudi msimu wa senene, umekonda, umechomwa na jua, unacheka. Ulituambia mlivyokesha mnachochea moshi kufukuza mbu, na jinsi mlivyoimba wakati wa kukata nguzo. Ukauazima msumeno wangu kwa adabu kama mgeni, mkasafishe miiba kule kambini, ukaurudisha mwezi uliofuata umejaa utomvu meno yote. Nilivyokusema! Ukakaa hapo kizingitini, ukausugua kwa mafuta ya taa na majivu, ukaupaka mafuta ya nyonyo, huku Koku anakushikia kopo. Kuku wakaja kukudonoa miguu ukawafukuza kwa kofia. Nikikukumbuka, nakukumbuka hapo zaidi ya mahali pengine popote.

Baada ya hapo wenzako wakakuleta kwa lori la kijiji. Walisema ni homa, ilikushika kambini ikakumaliza upesi. Walilia kuliko sisi. Nilikuosha, nikakuzika, na msimu wa kupogoa ulipofika nikaingia kwenye mibuni. Ningefanya nini? Mibuni haijui matanga.

Sasa sikiliza ambalo hukuwahi kulijua. Wanawake wa hapa mlimani kwetu walianza kuja. Wa kwanza alikuwa Ma Adela, mke wa Ta Kristofa mwenyewe. Alikuja akijifanya anaomba moto. Akaniambia mumewe anasema ataipogoa kahawa kesho, na kesho yake inamkuta kwenye rubisi, na bwana shamba amewatisha. Nikaenda naye mchana, wanaume wakiwa kwenye pombe, tukakata pamoja, na mumewe akadhani ni vijana wake. Wakaja na wengine. Tulikuwa tunaukunja msumeno tunauweka ndani ya kikapu chini ya majani ya maharage, na mtu akikutana nasi njiani anaona wanawake wanatoka kuchuma mboga. Ndiyo faida ya msumeno wa kukunja, Mzee Salum hakuitaja.

Basi leo. Wamekaa wazee wa ukoo, balozi wa nyumba kumi naye yupo, rubisi imetolewa. Ta Kristofa akaeleza: migomba ni ya kula, sawa, lakini kahawa ni ya ukoo, iliyopandwa na babu, na mwanamke huyu ameikata vishina kama anachanja kuni. Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa uchungu. Kisha mkubwa wa ukoo, yule baba yako mkubwa mwenye kikohozi, akasimama akasema neno lililonikata maini. Alisema kahawa inataka mkono wa mwanamume. "Nendeni mkaone kibanja cha Kristofa," akasema. "Mwaka huu mibuni yake imebeba mpaka matawi yanasujudu. Angalieni ilivyopogolewa. Mtu kama huyo ndiye wa kukabidhiwa mali ya babu."

Wazee wote wakasema ni kweli. Ta Kristofa akatazama chini akinyoosha mdomo, kama mtu anayesifiwa. Nikajua nimekwisha. Ningesema nini? Nikisema kweli namvunjia Ma Adela nyumba yake. Nikamvuta Koku karibu yangu, nikaanza kuhesabu moyoni vitu vya kubeba kwenda kwetu Rubafu.

Ndipo Ma Adela, aliyekuwa amekaa na wanawake kwenye majani akimenya ndizi, akaweka kisu chini. Hakusimama hata. Akasema, "Waitu, kahawa hiyo mnayoisifu tumeipogoa mimi na Mama Koku. Mume wangu hajui hata msumeno unafungukia upande gani."

Kikohozi cha baba yako mkubwa kilikatika chenyewe. Ta Kristofa akageuka kumtazama mkewe, nikasema sasa atampiga mbele za watu. Na mwanamke mwingine akasema, "Na yangu." Na mwingine, "Na yetu sisi." Wazee wakaanza kutazamana, kila mmoja anajiuliza kahawa yake imepogolewa na nani. Balozi akainama akacheka ndani ya kofia yake. Kisha Ta Kristofa akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akakaa chini, akafuta uso, akasema, "Kama ni hivyo, nikikichukua kibanja hiki nitakiua. Abaki."

Abaki. Wamesema kibanja ni cha binti zako, na mimi ndiye mwangalizi wake, na wazee wamekunywa rubisi juu ya neno hilo. Nimemwahidi Ta Kristofa kwamba kijana wake mmoja atalima maharage kule bondeni, na Ma Adela amelala kwake salama, nimetuma mtu kuangalia.

Walipoondoka wote, niliokota vibuyu, nikafagia uani. Halafu furaha ikanijaa, Baba Koku, nikaacha ufagio nikaingia ndani mbio, nikiita, "Wamesema tubaki! Wamesema tubaki!" Nilifika mpaka kitandani, nikaweka mkono upande wako kukuamsha.

Pumzika, baba wa watoto wangu. Sisi tupo.

Mkeo,
Mama Koku