Baiskeli Yako Mlimani Sekenke

Kaka Alute,

Shikamoo. Umeuliza ni nani huyo gazetini aliyepanda baiskeli uliyoniazima. Sijamwambia mtu, hata mama.

Mimi na vijana wenzangu tulikuwa tunatoka Nzega kwa baiskeli kwenda Dodoma kuunga mkono Azimio la Arusha. Chini ya mlima Sekenke, mnyororo wa baiskeli ya kiongozi wetu, Mselemu, ukakatika.

"Lete yako, ndugu."

"Ni ya kaka yangu."

"Msomi mzima una ubepari! Baiskeli ni zetu sote."

Wenzangu walicheka. Nikampa yako, nikasukuma yake juani mpaka kileleni. Nikakuta wameshapigwa picha ya gazeti, maji yamekwisha.

"Na hii mbovu?" nikauliza.

"Hiyo ni yako."

Nikailaza miguuni pake, nikapanda yako, nikarudi nyumbani Ilongero.

Mdogo wako,
Nathanaeli