Kompyuta Iliyoganda na Diski ya Baba

Chang'ombe, Dar es Salaam

Dada Somoe,

Familia ya Hamisi wa Chang'ombe inawatangazia ndugu, jamaa na marafiki kwamba kompyuta yake, iliyokuwa ikizimia kila siku tangu mwezi uliopita, imepata nafuu na sasa inapumua yenyewe. Habari ziwafikie popote walipo.

Baada ya tangazo hilo, shikamoo dada. Vipi goti, limekubali dawa? Mikorosho imeanza kutoa maua? Mie mzima, ila kitambi kinanitangulia kila ninakokwenda.

Chanzo cha yote unakijua, ni ile diski aliyotuachia Baba. Mzee alikuwaga karani, kila kitu anaandika, hata mikorosho ipi kampa nani. Kikao cha ukoo kilipokaribia, wewe ukasema ile ya bondeni alikupa wewe, kaka Bakari akasema hapana, nami nikajitokeza kifua mbele: nileteeni diski, mtunza stoo mzima siwezi kushindwa na diski.

Kumbe programu aliyoandikia Baba ni ya zamani, kompyuta za siku hizi haziijui. Nikaambiwa ipo njia: unaweka programu inayotengeneza kompyuta nyingine ndani ya hii uliyonayo, na hiyo ya ndani ndiyo inakuwa ya kizamani. Nikaiweka. Ikaniuliza, ya ndani uipe memori kiasi gani? Dada, si unatujua. Mgeni kwetu analalia godoro, wenyewe tunajibana mkekani. Nikaipa yote. Mstari wa kipimo pale kwenye kioo ukawa mwekundu, nikadhani imefurahi.

Basi kila nikiiwasha ile ya ndani, kompyuta nzima inaganda. Mshale hauendi, hata saa ya pembeni imesimama. Nachomoa waya, nawasha, inaganda tena. Nikaifuta programu nikaiweka upya, mara tatu. Nikaisogeza kwenye feni ya stoo. Neema, karani wetu ofisini, ana umri wa binti yangu; kila akiuliza kama nataka msaada namwambia naisubiri ipoe.

Juzi akavuta kiti bila kuniuliza, akatazama kidogo tu.

"Baba, ya ndani umeipa memori yote. Hii ya nje ipumue na nini?"

Akaipunguzia ikabaki nusu. Ikafunguka kabla chai yangu haijapoa.

Nisalimie shemeji. Mama mdogo Zuhura mwambie ugali wangu bado una madonge. Mjomba Saidi, fundi vinyago, mwambie kile alichonipa watu wanasema kinafanana na mimi.

Hapa nilikusudia kuweka saini. Ila nikiishia hapa nitakuwa nimekudanganya mara ya pili.

Siku ya kikao kaka alinipigia mbele ya watu wote, simu kaiweka sauti ya nje. Kompyuta ilikuwa imeganda mbele yangu. Ningesema sijui kuiendesha, basi. Nikasema, "Diski ya mzee imeoza, haina kitu." Nikasikia mtu anacheka, kisha kaka anakuambia usimsingizie marehemu. Jioni ulinipigia mara mbili. Simu nilikuwa nayo mkononi.

Diski haikuoza, dada. Baba kaandika kwamba mikorosho yote ya bondeni ni ya Somoe, maana ndiye aliyeipalilia. Leo asubuhi nimempigia kaka nikamwambia hivyo, na kwamba nilidanganya kwa kuona haya. Akasema nije niseme mwenyewe, mbele ya walewale.

Nakuja Ijumaa. Usinipikie kitu.

Mdogo wako,
Hamisi