Panya Kwenye Mvinyo Wako

Anko Kioko,

Anti bado anafua lile shati lako la kazini na kulianika kila wikendi, kama kwamba Jumatatu utalivaa. Simwambii kitu. Nitamcheka vipi, na mimi mwenyewe kila siku nazungumza nawe pale kwenye duka la mvinyo, mtaani Karen, tena kwa sauti, mpaka wateja wananitazama kwa jicho la pembeni?

Nakuandikia kwa sababu tangu Jumamosi hunijibu.

Uliponitoa mtaani Kabiria ukaniingiza kazini kwako, nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi, na divai niliyoijua ni ile tamu ya kanisani, ya kijikombe. Ulicheka sana. Ukaniambia kwenye duka la Bi. Njoki kuna mvinyo wa aina mbili: ulio hai na maiti. Maiti ni ule uliopigwa dawa, ukatiwa hamira ya paketi na sukari na unga wa hiki na kile ili usibadilike hata ukiachwa juani. Ulio hai ni zabibu basi, zimeachwa zichachuke zenyewe, kama nyanya alivyoiacha pombe yake ya asali kando ya jiko na kwenda zake shambani.

Ukanifunza kuchagua mwekundu. Ukiona ukungu ndani ya chupa usiogope, wala mashapo chini. Simamisha chupa, yaache yatulie, kisha mimina polepole. Ukikuwasha ulimi kidogo kama soda, tikisa glasi, utatulia. Mtu asiyewahi kunywa mwekundu mpe ule mwepesi, tena uwe umekaa kwenye friji kidogo, asije akadhani anakunywa dawa ya kikohozi. Aliye na mbuzi kwenye makaa mpe mkali unaokata mafuta. Na ukikosa uhakika, jionjee leo, acha chupa hadi kesho, uonje tena. Ulio hai mara nyingi huamka na maneno mapya. Maiti haina la kuongeza. Ulikuwa ukisema hayo huku unajipiga kifua, mtu mzima mwenye afya.

Kule mochari niliinama juu ya jeneza, nikakushika kifundo cha mkono, nikakinusa. Watu walidhani nakubusu. Kilinuka dawa tu, Anko. Tangu siku hiyo siwezi kumwambia mteja kwamba mvinyo fulani ni maiti. Nasema huu umetengenezwa sana, naangalia kando.

Nilikinusa kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu. Mvinyo usiotiwa dawa unaweza kuingiwa na ule ugonjwa ambao sisi wa dukani tunauita panya. Puani hausikiki. Unameza, unangoja, halafu unakuja nyuma ya ulimi: harufu ya gunia la mahindi lililolaliwa na panya. Mimi nililala kwenye stoo ya nyanya utoto wangu wote, siwezi kuikosea. Wewe, na ujuzi wako wote, hukuwa unaisikia kabisa. Kuna watu walioumbwa hivyo. Ulikuwa unajipaka tone kwenye kifundo cha mkono, maana ngozi huifukuza ile harufu ijitokeze, kisha unaninyooshea mkono. "Paka wangu, nusa. Iko ama haiko?" Nikikunja uso, unafunga chupa. "Haya, hiyo irudi kwao." Hukuagiza mvinyo hata mmoja kabla sijasema, isipokuwa ule wa mwisho.

Sampuli yake ililetwa nikiwa Machakos kwenye harusi ya binamu. Ukaionja peke yako. Niliporudi chupa ilikuwa tupu na wewe hukaliki kwa furaha. "Ndunge, hii iko na kila kitu! Zambarau iko, moshi uko, ile harufu ya mchanga mvua ikianza iko!" Agizo lilikuwa limeshatumwa. Meli ikiwa bado baharini, presha ikakuangusha kule stoo, katikati ya maboksi.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia hata Anti. Tangu tukuzike, kila nikimeza na kungoja, ulikuwa unakuja. Katika kile kimya kabla ya ladha kujibu, nilikusikia nyuma ya bega langu, ukipumua kwa hiyo pua yako inayoziba kila Julai, ukiuliza, "Iko ama haiko?" Mara ya kwanza niliangusha glasi. Baadaye nikaanza kuonja hata chupa zisizo na haja ya kuonjwa, ili tu uje. Nilirudi nyumbani na meno meusi, Anti akaninusa, akaniwekea mikono kichwani na kunikemea pepo wa ulevi. Nilimwacha aombe. Niliogopa asije akakufukuza wewe.

Wiki iliyopita mzigo wako ukafika. Bi. Njoki alizibandika chupa lebo za duka, zimeandikwa "Chaguo la Kioko". Akawaalika wateja wako wa zamani Jumamosi mchana, wakiwemo wale wazee wa Loresho waliokuwa hawanunui chupa mpaka uwachagulie. Kabla hawajafika akaniambia, "Onja, utuambie tuiweke na chakula gani." Hakuniuliza kuhusu panya. Nani angeuliza, na umechagua wewe?

Nikafungua. Nikanusa. Zambarau ilikuwepo, Anko. Moshi ulikuwepo, na mchanga ulionyeshewa. Machozi yalinitoka kwa furaha. Nikameza, ukaja, karibu kuliko siku zote. Hukuuliza swali lako. Ulipumua tu, kama mtu anayesubiri asifiwe.

Halafu likaja gunia.

Nikafungua chupa kutoka boksi jingine, na jingine. Zote ni gunia. Nawe bado uko pale begani, na mimi najua, usiniulize nimejuaje, kwamba nikilitamka lile neno utaniacha. Na nikinyamaza, wale wanaoisikia harufu hiyo watameza wangoje, kisha waseme Kioko mwishoni alikuwa amepoteza mdomo wa kuonja, na jina lako liko pale kwenye lebo.

"Vipi? Iko sawa?" Bi. Njoki aliniuliza kutoka mlangoni.

"Madam, iko na panya."

"Kioko hawezi agiza kitu kama hiyo."

"Alionja akiwa peke yake."

Alijipaka tone mkononi, akanusa, akavuta kreti akaketi. Hakunilaumu. Tuliyarudisha maboksi stoo pamoja. Wageni tukawamiminia mvinyo mwingine ulioupenda, nikawaambia kweli: mzigo wa Kioko umefika mgonjwa, hatutauuza. Mzee mmoja aliinua glasi, akasema, "Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Kioko, kutukataza." Wote wakakunywea.

Mimi nilimeza, nikangoja. Hakukuwa na mtu. Nikangoja mpaka ladha yote ikaniishia mdomoni. Nikasema kwa sauti, "Haiko, Anko. Huu ni mzuri." Hakuna. Jumatatu hakuna. Leo hakuna.

Umenikasirikia? Au ulikuwa unangoja hilo tu, nilipolisema ukaenda kupumzika? Nimekupoteza mara mbili, na hii ya pili nimejitakia mwenyewe, na inauma kuliko ile ya kwanza.

Bi. Njoki alitaka kuumwaga ule mzigo wako. Nimemwomba auache. Wewe mwenyewe uliniambia chupa ikilala miaka, panya wakati mwingine huhama. Kwa hiyo nakuahidi: kila mwaka nitafungua moja. Siku nitakayomeza nikakuta pasafi, nitauweka mbele ya watu kwa jina lako. Na asipohama, sitauza hata moja, na wala sitalidanganya jina lako ili nikusikie tena.

Pumzika, Anko. Usirudi kwa sababu yangu. Nitazoea kumeza na kungoja peke yangu, lakini bado sijazoea.

Mtoto wa dada yako,
Ndunge