Chumba chenye umeme

Jumanne, Manika

Naandika hii ku ngazi, kwa sababu kitanda changu kiko na bageni.

Mama alitaka nikae kwa masista. Kule kimya, maji iko, lakini umeme unakatika kila mara. Mi nikabisha wiki nzima: homu ya banafunzi nyuma ya kliniki inatumia waya moja na kliniki, kule umeme haukatiki, nitasoma muzuri. Nikashinda. Nikapakia matela yangu ya kulalia ku taxi-moto, najiona mwenye akili.

Hakuna mutu aliniambia kama ile waya inafika mu chumba yangu tu. Sasa saa ya kupika, bakubwa ba mwaka wa tatu banaingia na resho zao za umeme bila kubisha hodi. Leo mumoja wabo, yaya Solange, amesonga bukari pembeni ya kitanda, ameketi juu ya nota zangu za kemia. Shuka zinanuka samaki.

Nikamwambia: «Yaya, nataka kusoma.»

Akacheka. «We bleu, soma tu. Nani anakukataza?»

Mwanafunzi mupya atafukuza mukubwa? Nikatoka.

Hapo mama akapiga simu. «Mwanangu, umeme uko?»

«Uko, mama. Haukatiki hata kidogo.»

«Basi ulichagua muzuri. Masista bangali na kitanda kimoja, lakini kesho nitabaambia bampe mutoto mwengine.»

Nikafungua kinywa. Simu ikazima.

Tangu jana sijaichaji. Prizi zote za umeme za chumba yangu ziko na bukari za batu.