Miezi Mitatu ya Daktari

Kashai, Bukoba
4 Februari 2024

Kasinge tata,

Natumaini mgongo umepungua. Huku wazima, isipokuwa mimi. Nilikwenda kupima. Miaka sita wote tunamtazama mke wangu Annastella tumbo, kumbe kasoro ni yangu. Mbegu zangu za uzazi ni chache, na nyingi zimeharibika. Daktari anasema hewa tunayovuta huzaa chembe kali mwilini. Mwili wenye nguvu huzizima, wangu umezidiwa na sigara, gongo, na joto la kuchomelea mageti. Ni kama ndizi iliyomenywa ikasahaulika nje ya maji, ikageuka nyeusi. Niache vyote, nile mboga na matunda, nirudi baada ya miezi mitatu.

Annastella hajui. Nakuomba usimwambie mtu.

Mwanao, Dastan

Kimwani, Muleba
17 Februari

Mwanangu,

Mgongo upo, haujahama. Naandika kwa sababu simu nikiiweka sikioni sisikii, nikiiweka spika anasikia mpaka mbuzi.

Barua nimeisoma mara tatu, nikaichoma. Sigara yako ya kwanza uliiiba kwangu, kwa hiyo sina la kusema. Shangazi yako Joanitha ndiye analo. Anasema mgomba usiozaa hung'olewa. Nikamwambia pengine kosa ni la mwenye shamba. Akaniuliza tangu lini nimekuwa bwana shamba.

Ukoo utakaa Pasaka kuijadili ndoa yako. Niruhusu niseme.

Tata yako

Kashai
10 Machi

Kasinge tata,

Siku ya thelathini na tano sijavuta. Kusema, hapana. Kashai nzima itanicheka. Ngoja vipimo vya Mei. Wazungushe, wewe unawaweza.

Mwanao

Kimwani
2 Aprili

Mwanangu,

Nikiuliza afya yako nitakuwa nachelewesha habari. Niliwazungusha. Nilileta habari ya mnyauko wa migomba, wakabishana saa nzima. Kisha Joanitha akasema, "Haya, sasa ule wa Dastan."

Wameamua Annastella arudi kwao. Kwetu baba wa mume ndiye hubeba kibuyu cha pombe ya rubisi kwa wakwe, nami nikakibeba. Njia nzima nilitafuta jiwe la kujikwaa. Bahati mbaya barabara wameichonga juzi. Mkwe wetu akauliza, "Kahangwa, mwanangu amekosa nini?" Nikamsogezea kibuyu. Akanywa. Kikishanywewa, neno limekubaliwa.

Kaka yake Mutalemwa anakuja kumchukua Jumamosi. Mimi nilikuahidi kunyamaza. Wewe hukumwahidi mtu. Mwambie mkeo.

Tata yako

Kashai
8 Mei

Kasinge tata,

Mgongo unaendeleaje? Barua yako niliipata Alhamisi, kwa hiyo nilikuwa na siku mbili. Nilizimaliza nikipiga msasa geti ambalo lilikuwa limeshakwisha.

Jana nilirudi kwa daktari. Mbegu zimeongezeka, tena nyingi ni nzima. Alinipa mkono. "Sasa mjaribu," akasema.

Hujaniuliza, lakini nakwambia. Jumamosi ile Mutalemwa alikataa kuingia ndani, akasubiri kwenye pikipiki bila kuzima injini. Annastella alipiga magoti mlangoni. Akaniomba msamaha kwa kunipotezea miaka.

Nikamwambia nimemsamehe.

Mwanao