Fundi wa Kikombe Chenye Uzi Mwekundu

Mwaka umetimia, Baba, tangu cherehani yako inyamaze, na bado wateja wanapita kibarazani wakiuliza, "Fundi yupo?" Mama huwajibu kwamba fundi amepumzika, kisha huingia ndani kuipangusa mashine ambayo haina hata chembe ya vumbi.

Tunakukumbuka na tepu yako ya kupimia shingoni na pini mdomoni, ukiongea nazo bila kumeza hata moja. Mtoto wa shule mwenye sare iliyochanika hukumrudisha kamwe, hata awe mikono mitupu. Mwenyewe ulivaa shati lililokosa vifungo viwili. Mganga hajigangi. Kitu kimoja tu ulikichukia duniani: velkro, ule utepe wa kunata wa viatu vya watoto. "Hiyo ni ya watu walioshindwa na kifungo," ulisema.

Kikohozi kilikuja kama mgeni wa siku mbili, kikahamia. Ukawa unahema kwa kupanda ngazi za kibarazani tu. Vidole vikavimba nchani, kucha zikabinuka, kastabini yako ya kukingia sindano ikakataa kuingia. Tukakutania kwamba mzee ananenepea vidoleni. Hospitali walipima makohozi wasione kitu, wakakuanzishia dawa za kifua kikuu kwa kukisia. Hatuwalaumu. Ugonjwa wako ni adimu, na hujificha nyuma ya magonjwa yanayojulikana. Ulimeza dozi yote, kikohozi kikabaki.

Ila mtaani neno lilikuwa limeshatoka kwamba fundi ana TB. Watu wakawa wanakukabidhi nguo kwa ncha za vidole. Wewe mwenyewe ukafunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe chako, mtu mwingine asije akakinywea.

Kilichotuuma zaidi ni mjukuu. Alizaliwa katikati ya hayo yote. Ulimwita mchumba wako, lakini hukuthubutu kumpakata. Ulisimama mlangoni ukisema, "Mgeuzeni nimwone mgongo," kisha ukaenda kumshonea kwa kukadiria. Nguo zilikuja pana mno.

"Mume wangu, hili ni gauni au hema?" Mama aliuliza.

"Mke mwenzio anakua, mwache," ukamjibu, ukageuka kukohoa tusikuone macho.

Tulikuambia dawa umemaliza, mshike mtoto. Ukasema, "Kama zimeniponya, mbona nakohoa?"

Kisha akaja yule daktari wa kifua. Hakuja kukutibu, alikuja kushonewa mfuko wa koti lake jeupe. Akakuona unavyohangaika na sindano.

"Fundi, hebu nione vidole. Vimeanza lini kuwa hivi?"

"Uzee huo, daktari."

"Uzee hauvimbishi ncha. Geuka, vuta pumzi."

Alikuwekea kile chombo chake mgongoni, chini kabisa ya mbavu, akasikiliza kwa muda. Kisha akaokota kipande cha velkro kwenye kapu la mabaki, akakibandua polepole karibu na sikio lako.

"Mapafu yako yanalia hivi. Sidhani kama hii ni TB. Njoo tukupige picha."

"Duniani kote," ukasema, "nikose kitu kingine, niingiwe na velkro!"

Picha ile ya kulala ndani ya mashine ilionyesha mapafu yaliyojaa makovu, yamekakamaa. Daktari hakutuficha. Chanzo hakijulikani, makovu hayafutiki, na dawa ingepunguza kasi ya ugonjwa tu. Ukatikisa kichwa. "Kumbe humu ndani kuna fundi mwingine, na anashona vibaya." Halafu ukauliza swali lako moja.

"Ugonjwa huu unaambukiza?"

"Hauambukizi, mzee. Haujawahi kumwambukiza mtu."

Ulilia pale pale, Baba. Sisi tulikuwa tumesikia habari ya kifo, na wewe ulikuwa umesikia habari njema.

Ulipofika nyumbani ulichukua mkasi, ukaukata ule uzi mwekundu. "Mleteni mchumba wangu." Ulimpakata mpaka akalala, na hata mikono ilipokufa ganzi ulikataa kumtoa. Alipoamka ukampima mabega kwa tepu kwa mara ya kwanza, naye akaing'ata.

Gauni la bluu lilikuwa kazi yako ya mwisho. Miguu ilikuwa haina nguvu tena ya kukanyaga, pumzi unaivuta kwenye mtungi wa oksijeni, Mama akawa anakuzungushia gurudumu kwa mkono nawe unaongoza kitambaa. Lilimkaa sawasawa. Chini uliacha mapindo mawili. "Akirefuka, fumueni moja moja," ulituagiza.

Tunakulilia bado. Mtoto alipokuwa akivua viatu mlangoni na velkro ikalia, Mama alikuwa akisimama alipo. Sasa tumemnunulia viatu vya kamba.

Tunaokukumbuka ni mkeo, wanao, wakwe zako, fundi mwenzio wa kibaraza cha pili ambaye bado anakutunzia kiti, na mchumba wako, ambaye wiki hii tumemfumulia pindo la mwisho. Kitambaa cha ndani bado kina rangi ileile ya dukani, hakijaona jua. Hakuna pindo jingine, Baba. Kuanzia hapa atakua mwenyewe, nasi tutamsimulia habari zako daima.